Mfungo Wenye Ladha

Mfungo ni neno jepesi kutamka na zito kutimiza. Katika Kiswahili mtu aliyejinyima chakula kwa ajili ya ibada husemekana amefunga, kama asemwavyo mtu aliyefunga mlango au aliyefunga mzigo. Na asiyejua alichokifunga hawezi kusema kwa hakika kama mlango wake umefungwa au uko wazi. Swali linalopasa kupimwa hapa ni hili: Mtu aliyejikataza chakula kimoja kwa heshima ya Mungu, kisha akala badala yake chakula kingine kilicho kitamu zaidi na cha thamani zaidi, amefunga au hakufunga? Swali hili laweza kuulizwa katika nchi nyingi na katika dini zaidi ya moja. Walakini ni nadra kuonekana waziwazi kama lionekanavyo juu ya meza za Ufilipino siku ya Ijumaa Kuu, sufuria ya samaki wa chumvi inapoletwa na watu wa nyumba wakakaa kuizunguka.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya elfu saba. Magellan alifika huko mwaka 1521 akauawa mwaka huo huo katika kisiwa cha Mactan. Wahispania walirudi mwaka 1565 wakakaa hata mwaka 1898. Jina lenyewe la nchi limetokana na mfalme wao, Filipo wa Pili. Mtawala aliyekaa zaidi ya karne tatu haachi bendera na ngome tu. Wahispania waliacha dini ya Kikatoliki, ambayo ndiyo dini ya watu wengi wa visiwa hivyo mpaka leo. Waliacha kalenda ya sikukuu na mifungo. Na pamoja na kalenda waliacha vyakula vyake. Katika vyakula hivyo kimo kimoja kiitwacho bacalao, nacho ni chakula cha Kwaresima, hasa cha Juma Kuu.

Bacalao ni jina la samaki na tena ni jina la mchuzi wake. Vitabu vingine vya Kiswahili humwita samaki huyo chewa, ijapokuwa chewa wa pwani ya Afrika ya Mashariki ni samaki mwingine kabisa. Huyu wa bacalao ni samaki wa maji ya baridi, huishi katika bahari ya Atlantiki upande wa kaskazini, karibu na Norway, Iceland na Newfoundland, wala hapatikani hata kidogo katika bahari za Ufilipino. Hupasuliwa, hutiwa chumvi nyingi, hukaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao. Apikaye hana budi kumloweka usiku kucha, au siku nzima na zaidi, akibadili maji mara kwa mara, ili chumvi itoke na nyama ilegee. Kisha humchambua miiba, akakaanga vitunguu na nyanya katika mafuta ya zeituni, akatia samaki, mbatata, dengu na pilipili hoho nyekundu. Wengine huongeza zeituni zenyewe, wengine kabichi. Aghalabu hupikwa Alhamisi ili kuliwa Ijumaa, kwa kuwa mchuzi uliolala huwa mtamu kuliko ule uliopikwa sasa hivi, na kwa kuwa Ijumaa Kuu ni siku ya kunyamaza, si siku ya kuhangaika jikoni.

Mwenye kutazama sufuria hiyo kwa makini ataona ramani ya dunia ndani yake. Samaki ni wa kaskazini ya mbali. Zeituni na dengu ni vya nchi za bahari ya Mediterania. Nyanya, mbatata na pilipili asili yake ni bara la Amerika, ambako merikebu za Wahispania zilikuwa zikisafiri kati ya Acapulco na Manila tangu mwaka 1565 mpaka 1815. Ni mchuzi wa milki, wala si mchuzi wa kijiji. Katika visiwa vilivyozungukwa na samaki pande zote, mkate wa toba ukawa samaki aliyeagizwa kutoka upande wa pili wa dunia. Hapo ndipo neno la kujinyima linapoanza kumshangaza mwenye kufikiri.

Walakini samaki huyu hakuzaliwa katika anasa. Huko Ulaya alipendwa kwa sababu alikuwa rahisi na alidumu. Nyama yake ina mafuta machache sana, maana mafuta yake yamo katika ini. Kwa hiyo chumvi humwingia, maji humtoka, na vijidudu vya kuozesha havipati mahali pa kuishi. Aliweza kuchukuliwa melini miezi mingi na kupelekwa barani kwa nyumbu bila kuharibika. Alikuwa chakula cha mabaharia, cha askari na cha maskini. Samaki wabovu wa biashara hiyo, wasiofaa kuuzwa Ulaya, walipelekwa katika visiwa vya Karibi kuwalisha watumwa wa mashamba ya miwa. Basi kitu kimoja kilikuwa aibu katika sahani ya mtumwa, wajibu katika sahani ya mtawa, na fahari katika sahani ya tajiri wa Manila. Hili lafaa kukumbukwa tangu mwanzo: chakula hakina cheo cha adili chenyewe kwa wenyewe, hukipata kwa yule akilaye, na kwa jirani yake asiyekipata.

Kwa kuwa bacalao wa kweli ni ghali, nyumba nyingi za Ufilipino hutumia samaki wa kwao badala yake. Mmoja wao ni samaki wa miamba aitwaye labahita, jina lililotokana na wembe, kwa sababu ya mwiba mkali ulio karibu na mkia wake. Naye hutiwa chumvi na kukaushwa na kupikwa kwa namna ile ile. Na chini ya nyumba hizo zipo nyumba zisizopika mchuzi wa namna hiyo hata kwa samaki wa badala. Hao hula tuyo, yaani samaki wadogo wa jamii ya saradini waliotiwa chumvi na kuanikwa juani. Neno hilo katika lugha ya Kitagalogi maana yake ni kukauka. Tuyo hukaangwa, harufu yake ikajaa mtaa mzima, naye huliwa kwa wali na pengine siki au nyanya. Siku za Ijumaa za Kwaresima wengi hupika choroko. Na katika visiwa vya Visaya Ijumaa Kuu ina chakula chake kiitwacho binignit, viazi vitamu, ndizi na magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi, ambacho mtu wa pwani ya Waswahili angekitambua mara moja kuwa ni ndugu wa futari yake.

Sheria yasemaje? Sheria ya Kanisa Katoliki juu ya jambo hili ni fupi. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliitengeneza upya mwaka 1966, na kitabu cha sheria cha mwaka 1983 kikaithibitisha. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za kufunga na za kuacha nyama. Kuacha nyama ni wajibu wa kila aliyetimiza miaka 14. Kufunga, yaani kula mlo mmoja kamili na kitu kidogo asubuhi na jioni, ni wajibu wa watu wazima tangu miaka 18 mpaka mwanzo wa mwaka wa 60. Samaki hakukatazwa. Mafuta hayakukatazwa, wala viungo havikukatazwa. Kwa hiyo mbele ya sheria tajiri mwenye sahani moja ya bacalao amefunga sawasawa na mvuvi mwenye tuyo wawili, na hakuna hakimu awezaye kumlaumu.

Wapo wasemao kwamba hapo neno limekwisha. Hoja yao si dhaifu kama ionekanavyo. Husema kwamba sheria ni ua, na uzuri wa ua ni kuonekana na watu wote. Nyama ni nyama. Mtoto aweza kuijua na mzee aweza kuijua. Lakini utamu haujulikani kwa macho. Kama sheria ingekataza kila kinachopendeza, mtu mmoja angekatazwa samaki na mwenzake angekatazwa wali, na kila mlo ungehitaji kadhi. Tena husema kwamba kutii jambo dogo lililo wazi ni mafunzo ya kutii jambo kubwa lililofichika, na kwamba mwenye kudharau ua wa nje kwa kudai kwamba anatafuta roho ya sheria, mara nyingi huishia kukosa vyote viwili.

Wapinzani wao huwajibu kwa kuuliza sababu ya ua wenyewe. Thomas wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alieleza kwamba nyama za wanyama wa nchi kavu zilikatazwa wakati wa mfungo kwa kuwa zinampendeza mlaji zaidi na kuuchochea mwili zaidi kuliko samaki. Ikiwa hiyo ndiyo sababu, basi siku samaki anapopendeza kuliko nyama sababu imehama, na sheria imebaki kulinda nyumba isiyo na mtu. Erasmus wa Rotterdam aliligusa jambo hili kwa kejeli mwaka 1526, katika mazungumzo aliyoyatunga kati ya mchinjaji na muuza samaki wa chumvi, akauliza kama amri za wanadamu juu ya vyakula zastahili kutiwa uzito uleule wa amri ya upendo. Na kabla yao wote Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alikiri kwamba hakuogopa uchafu wa chakula bali uchafu wa tamaa. Akakumbusha kwamba Eliya alilishwa nyama asitiwe unajisi, na Esau alipotea kwa sababu ya dengu.

Neno la Augustino ni la kweli, lakini halitoshi kuwa kipimo. Kama uovu umo katika kupendezwa tu, basi mfungo ulio bora kabisa ni ule unaoumiza kabisa. Ufilipino hiyo hiyo inaonyesha mwisho wa njia hiyo. Katika kijiji cha San Pedro Cutud, mkoa wa Pampanga, tangu mwaka 1962 wapo watu ambao siku ya Ijumaa Kuu hupigiliwa misumari msalabani kweli kweli, na wengine hutembea barabarani wakijipiga migongo mpaka damu ikatoka. Wakubwa wa Kanisa hawaipendi desturi hiyo na wamewashauri watu kuiacha. Hapana haki ya kuwacheka watu hao. Wengi wao wamejiwekea nadhiri kwa ajili ya mgonjwa wa nyumbani. Walakini maumivu nayo hayana hesabu. Mtu aweza kujivunia jeraha kama mwingine ajivuniavyo sahani. Ikiwa utamu haubatilishi mfungo peke yake, uchungu nao hauuthibitishi peke yake.

Wapo watu wa kundi la tatu, nao hutetea mchuzi kwa jina la desturi. Doreen Fernandez, mwalimu wa chuo kikuu cha Ateneo de Manila aliyefariki mwaka 2002, alionyesha katika maandishi yake jinsi Wafilipino walivyovipokea vyakula vya kigeni na kuvifanya vyao, kwa kubadili viungo, namna ya kupika na mahali pa kila chakula katika maisha ya watu. Kwa watu hawa bacalao si anasa bali ni ukumbusho. Mtoto huijua Ijumaa Kuu kwa harufu yake kabla hajaijua kwa mafundisho. Bibi aliyekufa hurudi mezani katika kipimo cha dengu alichokifundisha. Kumwambia mtu wa nyumba hiyo ale mkate mkavu ni kumnyang'anya si utamu tu bali kumbukumbu. Na dini isiyo na kumbukumbu ya mwili hubaki maneno hewani. Hoja hii ina nguvu, na mwenye kuipuuza hajui desturi ni nini. Walakini desturi huweza kueleza kwa nini chakula kinapendwa. Haiwezi yenyewe kueleza kwa nini kinaitwa mfungo.

Kipimo kilicho imara zaidi kimo katika kitabu cha kale kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma katika karne ya pili. Huko mwenye kufunga huagizwa kufanya jambo la kawaida kabisa: ahesabu gharama ya chakula ambacho angekula siku ile, kisha ampe mjane au yatima au mhitaji. Hapa hesabu imeondoka ulimini ikaenda mfukoni, na kutoka mfukoni ikaenda mlangoni kwa jirani. Mfungo si tena jambo la mtu na tumbo lake. Umekuwa jambo la watu wawili. Kilichofungwa kwa mmoja kimefunguliwa kwa mwingine.

Basi na tuitie bacalao katika hesabu hiyo. Nyumba inayonunua samaki aliyevuka bahari mbili, mafuta ya zeituni na pilipili za kopo, kwa gharama ipitayo nyama iliyoiacha, ikitafuta tofauti ya kumpa mjane haitaipata. Hesabu imegeuka: mfungo umegharimu kuliko karamu, na mjane ndiye mwenye deni. Hapa ndipo kosa lilipo, kama kosa lipo. Halimo katika utamu, maana mwenye kula tuyo naye hufurahia tuyo wake na Mungu hamwonei wivu. Halimo katika kuivunja sheria, maana sheria haikuvunjwa. Limo katika jina. Kitu kilichokuwa kipunguze umbali kati ya sahani mbili kimeuongeza, na bado chaitwa kwa jina la unyenyekevu.

Uzito wa jambo hili humwangukia maskini. Yeye hula samaki wa chumvi Jumatatu na Jumanne, kabla ya Kwaresima na baada yake, wala hakuna amwitaye mtawa. Ijumaa Kuu humkuta pale pale ilipomwacha mwaka uliopita. Mwenzake hushuka kutoka nyama hata bacalao, akahesabiwa amejinyima. Yeye hana ngazi ya kushukia. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na pengine kazi ya kwanza ya mfungo ilikuwa kulivunja neno hilo hata kwa siku moja, ili mwenye shibe ajue. Mfungo usiomjulisha kitu umemwacha na shibe yake na kumwongezea sifa. Na historia ya mifungo ina mfano mbaya zaidi: katika milki ya Hispania ilikuwapo hati iliyoitwa Bula ya Vita vya Msalaba, ambayo aliyeinunua aliruhusiwa kula nyama katika siku nyingi zilizokatazwa. Mwenye fedha alipata njia mbili za kutofunga, moja kwa hati na moja kwa mapishi. Asiye na fedha alifunga kwa lazima.

Si kweli kwamba waalimu wa dini hawakuliona jambo hili. Thomas wa Akwino aliwasamehe mfungo maskini waombao chakula kipande kipande, wasioweza kupata cha kuwatosha kwa mlo mmoja. Paulo wa Sita, katika tangazo lile la mwaka 1966, alisema kwamba katika nchi zenye mali ushuhuda wa kujinyima na wa kusaidia wengine wapasa kuwa mkubwa zaidi. Na katika Ufilipino yenyewe, tangu miaka ya 1970, Kanisa lina mpango uitwao Alay Kapwa, ambao katika Kwaresima hukusanya michango kwa ajili ya wenye shida. Mpango huo ni hesabu ya Herma iliyopewa sanduku na kufuli.

Mtu aweza kupinga akasema: Je, sufuria ya bacalao nayo si sadaka? Huliwa na watu wengi; jirani hupelekewa bakuli; jamaa waliotawanyika hukusanyika. Jibu ni kwamba ndiyo, huweza kuwa sadaka, na pale inapokuwa hivyo imetimiza zaidi ya mkate mkavu uliolewa kwa siri. Mtu mmoja aliyekula bacalao pamoja na mtumishi wake meza moja amefunga kuliko yule aliyekula mkate na maji, mtumishi akiwa nje juani. Lakini jibu hilo halimwondolei kila mmoja jukumu la kutazama bakuli lilikopelekwa. Bakuli liendalo kwa tajiri mwenzake na kurudi na bakuli jingine ni biashara ya heshima. Bakuli liendalo lisikorudi kitu ndilo sadaka.

Wala mtu asidhani kwamba dawa ni kumkimbia bacalao na kumkimbilia tuyo. Siku hizi tuyo naye huchambuliwa miiba, akatiwa katika chupa na mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, akauzwa kwa bei ambayo mvuvi aliyemwanika hawezi kuilipa. Samaki wa maskini amepanda ngazi ile ile aliyoipanda samaki wa mabaharia. Kwa hiyo anayetafuta chakula ambacho kwa asili yake ni kinyenyekevu atatafuta mpaka mwisho wa dunia. Mwili wa samaki hauna unyenyekevu. Una chumvi tu.

Bahari nayo ina neno la kusema. Mwaka 1992 serikali ya Kanada iliufunga uvuvi wa samaki huyu katika pwani ya Newfoundland, kwa kuwa karibu alikwisha, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Hakumalizwa na waumini wa Kwaresima. Alimalizwa na meli kubwa za karne ya 20 zilizovua bila kiasi. Lakini ni fundisho gumu kwamba samaki aliyekuwa alama ya kujizuia kwa karne nyingi aliangamia karibu kabisa kwa sababu ya watu kukosa kujizuia. Walifunga nyama, hawakufunga nyavu.

Swali lenyewe si la Wakatoliki peke yao. Katika Mindanao na visiwa vya Sulu wanaishi Wafilipino Waislamu, ambao Idi yao ya Mfungo Mosi imekuwa sikukuu ya taifa zima tangu mwaka 2002. Nao, kama Waislamu wa mahali pote, huonywa na waalimu wao kwamba usiku wa Ramadhani usigeuke kuwa karamu ya kulipiza mchana, na zaka ya fitri hutolewa ili maskini naye aione Idi. Dini mbili zimekaa katika visiwa hivyo, tena mara nyingine kwa vita. Katika jambo la mfungo zimefika mlango mmoja, nao ni mlango wa mhitaji.

Hukumu basi yaweza kutolewa bila ukali. Sufuria ya Ijumaa Kuu isimwagwe. Ni urithi wa haki, na watu wake wana haki ya kuipenda. Aliyeila amefuata sheria. Kama amefunga au hakufunga ni jambo ambalo sufuria haiwezi kulijibu, maana jibu haliko ndani yake. Liko katika tofauti ya hesabu, yaani kile kilichobaki na kilikokwenda. Samaki wa chumvi huloweka usiku kucha mpaka akaachia chumvi iliyomhifadhi, ndipo afae kuliwa. Mwenye kumla hana budi kuachia kitu naye, na kile alichokiachia lazima kionekane katika sahani ya mtu mwingine.